Mwanamichezo wa Rusizi na Mtihani wa Maji

Katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu kwa jina la mkoa wa zamani, mtu hawezi kutembea nusu saa bila ya kupanda kilima au kushuka bondeni. Magharibi yake limelala Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo mto Rusizi unapotoka kwenda Tanganyika, ukiteremka karibu mita 700 katika safari isiyofika kilomita 120. Mtoto wa huko hujifunza kupanda mlima kabla ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo, akiambiwa kwamba upo mchezo unaomtaka mtu aogelee, kisha apande baiskeli katika njia za matope, kisha akimbie vilimani, pasipo kupumzika katikati, mtu wa Rusizi angeweza kudhani kwamba mchezo huo umetungwa kwa ajili yake. Lakini theluthi mbili tu ndizo zake. Theluthi iliyobaki imo majini, na maji hayo, ingawa huyaona kila asubuhi afunguapo dirisha, hayajui.

Mchezo huo huitwa triathloni, yaani michezo mitatu iliyofungwa pamoja chini ya saa moja isiyosimama. Tarehe 25 Septemba 1974, katika ghuba ya Mission Bay mjini San Diego, Marekani, watu 46 walikusanyika jioni wakashindana kukimbia, kupanda baiskeli na kuogelea. Mwaka 2000 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Sydney. Tawi lake la porini lilizaliwa mwaka 1996 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, ambako lami iliachwa na washindani wakapelekwa kwenye mawe, mizizi na matope. Mashindano hayo, yajulikanayo kwa jina la XTERRA, kwa kawaida humtaka mtu aogelee kilomita moja na nusu, aendeshe baiskeli ya milimani karibu kilomita 30, kisha akimbie karibu kilomita 10 katika njia za miguu. Mwaka 2011 shirikisho la dunia la triathloni nalo likaanzisha ubingwa wake wa porini, huko Extremadura, Hispania. Afrika haikuwa mtazamaji tu. Conrad Stoltz wa Afrika Kusini aliutwaa ubingwa wa dunia wa XTERRA mara nne, mwaka 2001, 2002, 2007 na 2010, na Bradley Weiss, wa nchi hiyo hiyo, akautwaa mwaka 2017 na 2019.

Hao ni watu ambao mchezo ndio kazi yao. Wapo wengine, walio wengi zaidi, wanaofanya mazoezi kabla ya kazi na baada ya kazi, wasiolipwa hata senti, na ambao jirani huwauliza wanakimbizwa na nani. Achukuliwe mfano wa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Kamembe, mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili. Hapewi jina, kwa kuwa ni mfano tu. Lakini kila jambo atakalokutana nalo katika maelezo haya ndilo linalomkabili mtu yeyote wa mji huo atakayeamua kuujaribu mchezo huu.

Ziwa lililo mlangoni

Mwalimu huyu anaweza kukimbia. Tangu utotoni amekwenda shule kwa miguu, na vilima vya Gihundwe na Mururu vimemjenga mapaja bila ya yeye kuombwa ruhusa. Baiskeli ataizoea. Kuogelea hakujui kabisa, wala mama yake hakujua, wala dada zake. Katika maziwa makuu ya Afrika si ajabu kumkuta hata mvuvi, ambaye mkate wake umo majini, asiyeweza kuogelea mita ishirini.

Jambo hili si la michezo peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na tisa katika kila kumi kati yao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wasomaji wa Tanzania hawajaisahau MV Bukoba ya mwaka 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018. Kivu nayo ina misiba yake: Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, abiria wakiiona nchi kavu kwa macho. Mwanamke wa Kamembe anayejifunza kuogelea ili ashindane anajifunza pia jambo ambalo huenda siku moja likamrudisha nyumbani.

Kwanza yapaswa kuondolewa hofu zisizo na msingi, na kuachwa zile zenye msingi. Mamba wenye sifa mbaya wa mto Rusizi wako mbali kusini, kwenye delta yake karibu na Bujumbura. Gesi ya Kivu, ambayo imeandikwa sana magazetini, imelala katika vilindi vya ziwa kubwa, chini ya mita 200 na zaidi. Ghuba ya Bukavu, ambayo Kamembe iko ukingoni mwake, ina kina cha kama mita 100 tu. Mazuku, ile hewa nzito inayoua watu na mifugo katika mabonde madogo, ni balaa la ukanda wa Goma na Gisenyi, kaskazini, penye volkano. Lakini kichocho si hadithi: kinapatikana katika mwambao wa maziwa mengi ya nchi hizi. Muogeleaji na aepuke maji yaliyotuama penye matete na konokono, aingie mahali pa mawe au mchanga penye mawimbi, na apimwe kila mwaka. Radi ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama ni ya mbali, mtu na atoke majini.

Mafunzo yenyewe huanza kwa aibu. Mtu mzima, mwalimu wa watu, husimama katika maji ya kiunoni, akazamisha uso na kupuliza mapovu kama mtoto mchanga. Juma la kwanza huishia hapo. La pili hujifunza kuelea chali, masikio ndani ya maji, macho mbinguni. Na hili ndilo somo kubwa kuliko yote, kwa sababu mwenye kujua kuelea chali hana haja ya kufa kwa uchovu. Baadaye huja mateke, kisha mikono, kisha lile fumbo la kupumua kwa kugeuza kichwa ubavuni badala ya kukiinua. Wanaojifunza ukubwani hukosea jambo moja wote: hupigana na maji. Hupiga kwa nguvu, hushika pumzi, na baada ya mita kumi na tano huwa wamechoka kuliko mtu aliyepanda kilima na gunia. Anayetoa pumzi yote polepole ndani ya maji, na kuvuta haraka nje, huona siku moja kwamba amefika mita hamsini bila ya kujua.

Mita hamsini ndio urefu wa bwawa la Olimpiki, na ndio umbali ambao Jackson Niyomugabo aliiogelea Rwanda huko Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012. Kwa mashindano ya porini umbali huo huzidishwa mara thelathini. Tena ziwa halina mstari mweusi chini wa kumwonyesha mtu njia. Asiyeinua macho kila baada ya mikono sita au minane, akatafuta mnazi wa pwani, au hapa Kivu tuseme mkaratusi au paa la kanisa, atajikuta amezunguka kama panya kwenye kapu.

Saa nzuri ni alfajiri. Wavuvi wa sambaza hutoka jioni katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa mapigo ya kasia, huvua usiku kwa mwanga wa taa, na hurudi jua linapochomoza. Sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaipenda Kivu kama kwao. Mwalimu mwenye busara hafungi safari ya ndani peke yake. Humlipa kidogo mvuvi mwenye mtumbwi mdogo amfuate, au huogelea sambamba na ukingo mahali anapoweza kusimama. Hujifunga pia kiunoni kamba ya mita mbili, yenye dumu tupu la lita tano lililofungwa kifuniko barabara. Dumu la manjano huonekana kwa mbali na wenye mashua, na mtu akichoka hulikumbatia akapumua. Halichukui nafasi ya jaketi la kuokolea, lakini ni bora mara mia kuliko kutokuwa na kitu. Na kwa kuwa mpaka wa nchi mbili umepita katikati ya maji hayo, muogeleaji hukaa upande wake, tena kwa taarifa kwa wakuu wa mahali.

Jambo moja la heri lipo. Katika nchi za baridi washindani huvaa suti za mpira zinazowapa joto na kuwaelesha, nazo zina bei kubwa. Kanuni za shirikisho la dunia humkataza mshindani wa kawaida kuivaa suti hiyo katika kilomita moja na nusu endapo maji yamepita nyuzi 22 za joto, na maji ya juu ya Kivu kwa kawaida hupita hapo. Kwa hiyo mwalimu wa Kamembe hahitaji kuinunua. Lakini hatakuwa na kitu cha kumwelesha ila mapafu yake.

Watu watasema. Mama mkwe atauliza ni kwa nini mke wa mwanawe anaingia ziwani kila alfajiri kama kambale. Mume akiwa na akili, atajibu yeye, kisha atakwenda kuchemsha uji wa watoto, kwa maana mazoezi ya mama huanza na kazi ya mtu mwingine nyumbani. Hili huandikwa mara chache katika vitabu vya michezo, nalo ndilo linaloamua kama mtu atafika mwezi wa tatu.

Tope la Shagasha

Rwanda ni nchi ya baiskeli. Mwaka 2020 Tour du Rwanda ilifika Rusizi ikitoka Huye kwa kupitia msitu wa Nyungwe, na Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Hata katika baiskeli ya milimani nchi hii ina historia yake: Adrien Niyonshuti alishindana London mwaka 2012 akamaliza wa 39, na Nathan Byukusenge akaenda Rio mwaka 2016. Lakini mbele ya hao wote walikuwepo abanyonzi, vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, na wale wanaosukuma ndizi, makaa na viazi. Wao hawaiti mazoezi, huita kazi.

Baiskeli ya kazi, ile nzito ya chuma isiyo na gia, hupanda vilima kwa sababu mwenyewe hushuka akaisukuma. Katika mbio za porini kusukuma hakukatazwi, na si haya. Hata mabingwa huibeba baiskeli begani penye mawe makubwa. Lakini kwa kilomita 30 mwalimu atahitaji baiskeli yenye gia, tairi pana zenye meno na breki za kuaminika. Nyingi zinazouzwa ni mitumba kutoka Ulaya. Ainunue kwa kuangalia mambo matatu tu: fremu isiyo na ufa, ringi zisizopinda, na gia zinazopatikana vipuri mjini. Rangi na majina ya kampuni havipandi mlima.

Njia ziko kila mahali. Kutoka Kamembe mtu aweza kushika barabara za udongo za Nkanka, kwenye rasi iliyoingia ziwani, au kuelekea Giheke na mashamba ya chai ya Shagasha, ambako vijia vya wachumaji hupita kati ya majani kama mishipa. Mwenye muda zaidi huingia Njia ya Kongo-Nili, ile njia ya kilomita 227 iendayo Rubavu kwa kufuata mwambao. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, njia hizi ni vumbi. Kuanzia Septemba, na tena Machi hadi Mei, ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, unaonata kwenye tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo kijiti cha kukwangulia, kilichofungwa kwenye fremu, kina thamani kuliko saa ya mkononi.

Kupanda ni suala la subira: kukaa juu ya tandiko ili gurudumu la nyuma lishike ardhi, kuchagua gia nyepesi mapema kabla ya kukwama, na kutazama mbali. Kushuka ndiko kunakovunja watu. Asiyefundishwa huogopa, akaegemea mbele na kuibana breki ya mbele kwa nguvu, nayo humrusha. Inafaa pedali ziwe sawa sawa, mwili urudi nyuma ya tandiko, breki zote mbili ziguswe kidogo kidogo, na macho yaangalie mahali mtu anapotaka kwenda, si jiwe analoliogopa. Anayelitazama jiwe hulifuata. Kofia ngumu haina mjadala.

Tena ipo sheria ambayo huwashangaza wageni wa mchezo huu. Mshindani haruhusiwi kupewa msaada na mtu wa nje. Tairi likipata pancha katikati ya chai, hakuna fundi, hakuna mume, hakuna kijana wa kuitwa. Kwa hiyo mwalimu huketi jioni sebuleni, baiskeli imepinduliwa juu ya gunia, watoto wakimpokezana vyombo, akajifunza kutoa tairi, kupapasa ndani yake kwa kidole kuutafuta mwiba, kubandika kiraka, kupuliza. Mara ya kwanza huchukua saa nzima. Baada ya mara kumi huchukua dakika kumi. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mwanamke aliyepanda baiskeli za abiria miaka yote hakuwahi kuguswa na mtu akaambiwa ajifunze kazi hii nyepesi.

Miguu isiyokubali

Mbio zenyewe hazina maelezo marefu kwa mtu wa Rusizi, ila jambo moja. Anayeshuka kwenye baiskeli baada ya saa mbili na kuanza kukimbia huona kama amevaa miguu ya mtu mwingine. Magoti hayapindi, mapaja ni mbao. Dawa yake ni kuizoeza miguu hali hiyo: mara moja kila juma, mara tu baada ya baiskeli, kukimbia dakika kumi na tano, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule. Hewa ya huku, iliyo pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita ikilinganishwa na ya pwani, humfanya mgeni ahema, mwenyeji ameizoea.

Juma la mwalimu hupangwa na kazi zake. Maji siku mbili alfajiri, mbio siku mbili jioni, baiskeli ndefu Jumamosi, Jumapili mapumziko na ibada. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, na asubuhi hiyo jembe ndilo zoezi.

Chakula hakihitaji unga wa makopo unaotangazwa. Usiku kabla ya safari ndefu: viazi vitamu au ugali, maharage, isombe, na sambaza wachache. Asubuhi uji wa mtama au ulezi wenye sukari, saa mbili kabla ya kuanza. Njiani ndizi mbivu mbili au tatu zilizofungwa kwenye mfuko wa mgongoni. Kinywaji chaweza kutengenezwa jikoni: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kama kile kinachopewa watoto wenye kuharisha. Akipenda, akamulie limau. Kipimo cha chumvi kisizidishwe.

Na kabla ya yote hayo, akapimwe moyo na shinikizo la damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 juu ya mashindano ya Marekani ya kuanzia 1985 hadi 2016 ulihesabu vifo na matukio ya moyo kusimama 135, na 90 kati yake yalitokea katika kuogelea. Si kwamba wote hawakujua kuogelea. Msongamano wa kuanza, hofu, na moyo wenye kasoro isiyojulikana vikikutana ndani ya maji, muda wa kuokoa ni mfupi sana.

Siku yenyewe

Mashindano makubwa yaliyo karibu ni ya barabarani: Ironman ya nusu umbali, iliyofanyika Rubavu kwa mara ya kwanza Agosti 2022, kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli na 21.1 kwa miguu. Kutoka Rusizi ni safari ya kilomita 200 na kitu kwa njia ya mwambao. Lakini ada ya mashindano ya namna hiyo huhesabiwa kwa mamia ya dola. Mwaka huo huo wa 2022 serikali iliwaongeza walimu wa shule za msingi wenye cheti asilimia 88 ya mshahara, nyongeza iliyopokewa kwa vigelegele. Hata hivyo mwalimu mwenye watoto wawili hawezi kulipia asubuhi moja ya jasho fedha za miezi. Wengine huunda timu ya watatu, mmoja aogelee, wa pili aendeshe, wa tatu akimbie. Kwa mji kama Kamembe hilo lingekuwa jepesi: mvuvi mmoja wa Nkombo anayejua maji, mnyonzi mmoja, na mwalimu wa kukimbia. Yeye mwenyewe angeshinda bila ya kulowa. Ila kwa aliyepuliza mapovu miezi mitatu, hilo halitoshi.

Basi huenda mbio zake za kwanza za porini zikawa zile atakazozipanga na wenzake wanne au watano huko Nkanka, kwa nusu ya umbali: mita 750 majini, kilomita 15 za udongo, 5 za kukimbia. Kibali cha uongozi wa sekta kitaombwa mapema. Mitumbwi miwili itakaa majini, wavuvi wake wakiwa wamevaa majaketi. Madumu ya manjano yaliyofungwa mawe yatakuwa alama za kuzungukia. Muuguzi mmoja atakaa ukingoni na sanduku lake.

Kengele ya shule itapigwa, na wote wataingia pamoja. Mita mia za kwanza ndizo mbaya. Teke la mtu litampata begani, maji yataingia puani, na kila alichojifunza kitaondoka kichwani mara moja. Waliofundishwa vizuri hujua la kufanya: hukaa pembeni ya kundi, na hofu ikija hugeuka chali. Mwalimu atageuka. Ataona mbingu, atasikia pumzi yake ndani ya masikio, atahesabu hadi ishirini. Mvuvi katika mtumbwi ataanza kupiga kasia kumwelekea, naye atamwonyesha kwa mkono kwamba yu mzima. Kisha atajigeuza, ataitafuta alama ya manjano, na kuendelea. Atatoka wa mwisho, baada ya dakika ishirini na tano hivi, magoti yakitetemeka, mchanga ukimshika miguuni kama ugali.

Katika kilima cha kwanza atampita mmoja. Katika kilima cha pili wawili. Mteremko wa kuelekea ziwani atashuka kwa miguu, baiskeli mkononi, kwa kuwa mvua ya usiku imeulainisha na yeye bado hajauweza. Mmoja kati ya wale aliowapita atampita tena kwa makelele, na baada ya kona atakutwa amelala katika migomba akicheka, tope hadi masikioni. Katika mbio miguu itakataa kwa dakika kumi, kisha itakubali. Atamaliza wa tatu kati ya watano. Hapatakuwa na medali. Patakuwa na chai ya maziwa, mikate, na sambaza wa kukaanga, na majadiliano marefu juu ya nani aliyempiga nani teke.

Watoto waliokaa ukingoni wakitazama watataka kujua jambo moja tu, nalo ni namna ya kuelea chali. Ataweza kuwaonyesha, wawili wawili, katika maji ya kiunoni, wazazi wao wakiwapo. Kisha atakwenda kuiosha baiskeli kwa ndoo na kuutia mnyororo mafuta kabla giza halijaingia, kwa maana Jumatatu itambeba kwenda shuleni, na jioni yake kuna debe la mahindi la kupelekwa kusagwa.